Ndege Asiye na Hari

Jumamosi moja mchana Chenge alimaliza kugongelea kitambaa kwenye kochi la mteja wa Mkolani, akafagia vipande vya sponji, akaifuta kwa kiganja meza ya kukatia vitambaa, kisha akapanga juu yake karanga, chupa ya chai na dadu. Dadu lilikuwa kazi ya jirani yake Suhaib, seremala, aliyelichonga kutoka kwenye kipande cha mninga kilichobaki baada ya kitanda cha harusi. Lilikuwa na pande ishirini. Upande wa kumi na moja ulimtoka mkubwa kidogo kuliko wenzake, kwa hiyo katika kibanda kile mambo mengi ya dunia yaliangukia kumi na moja, na watu walishazoea.

Kibanda kilikuwa katikati ya safu ya mafundi pale Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga. Upande mmoja Suhaib alipiga randa, upande wa pili dada yake Mastura alishona mapazia, na Jumamosi wakishafunga kazi walicheza. Mchezo wao haukuwa na ubao wala kete za kusogeza. Mmoja husimulia, wengine hujifanya watu wa nchi isiyokuwepo, husema wanachotaka kufanya huko, na dadu huamua kama wameweza. Msimulizi alikuwa Chenge. Yeye ndiye aliyejua kilichopo nyuma ya mlango, na zimwi lililolala pangoni linaogopa nini. Suhaib alikuwa mpiga upinde asiyekosea, ingawa dadu lilimkosesha mara nyingi. Mastura alikuwa mwizi wa vivuli. Kokuberwa, mwalimu wa Kiswahili ambaye kwao ni Bukoba, alikuja siku moja kutengenezewa kiti, akakaa kusubiri gundi ikauke, na mpaka gundi inakauka alikuwa ameshakuwa tabibu mwenye kichwa cha kiboko. Kiti hakukichukua tena. Ndicho alichokalia kila Jumamosi.

Siku hiyo Chenge alikuwa na shida ndogo. Mwizi wa vivuli hakuwa na bahati na moto. Kila zimwi la moto lililotokea mchezoni lilianza na yeye, na mara ya mwisho Mastura alisema kwamba akiunguzwa tena ataenda zake nyumbani, na chupa ya chai ataondoka nayo kwa kuwa ni yake. Lakini Chenge alikuwa na hamu na ndege wa moto. Alikuwa amemwona kwenye simu, miongoni mwa mazimwi ya michezo ya namna ile, akamtamani kama mtu anavyotamani shati la mwenzake. Basi akaamua atamleta, ila atamnyang'anya joto. Atakuwa ndege wa kuwaka tu, wa kutisha macho. Na kwa kuwa joto aliliona ni neno la uji na la vyumba visivyo na dirisha, alitafuta neno lenye heshima zaidi, akalipata kwenye kamusi ya Kokuberwa. Hari. Hari ya jua, hari ya tanuri. Alilipenda papo hapo, na hapo ndipo alipoteleza, maana neno hilo lina herufi ambayo haikuwahi kukaa kinywani mwake.

Alizaliwa Magu, akakua na Kisukuma, na Kisukuma hakina haja na herufi ile. Shuleni alichapwa kwa ajili ya "balabala", akachapwa kwa ajili ya "kalatasi", mpaka mwalimu akachoka mkono. Ukubwani hakuna aliyemjali. Aliwaambia wateja kochi litakuwa tayari kabla ya halusi, wakamwelewa, na halusi zikafanyika.

"Mnapanda mlima," Chenge alisimulia. "Ziwa liko chini yenu, limetulia kama shuka lililopigwa pasi. Juu ya mwamba anatua ndege wa moto. Mkubwa kama kochi la watu watatu, anawaka kuanzia kichwani mpaka mkiani. Lakini msikimbie. Ndege huyu hana hali."

"Maskini," alisema Kokuberwa. "Anaumwa nini?"

"Haumwi. Hana hali. Ile ya jua."

"Hari."

"Si ndiyo ninayosema, mwalimu? Hali."

Mastura alicheka mpaka akajishika ubavu. Suhaib alisema awe mgonjwa awe mzima, yeye anapiga mshale, akalirusha dadu. Dadu likapita katikati ya karanga, likaanguka chini, likabingirika mpaka chini ya rafu ya sponji. Walipoinama walilikuta limesimama kwenye ishirini, na pembeni yake amejikunja ndege.

Hakuwa mkubwa kama kochi la watu watatu. La mtu mmoja alifika. Aliwaka mwili mzima rangi ya mkaa uliopulizwa, na kwa mwanga huo walimwona mifupa ya kifua, jicho moja linalotoka machozi, na manyoya yaliyopukutika. Alikohoa. Cheche zikamwagika kwenye gunia la sponji, zikazimika humo bila kuacha hata alama. Mchezo ulikuwa umechukua vyote viwili, kile Chenge alichokusudia na kile alichotamka. Ndege hakuwa na hari, na hakuwa na hali.

"Anakula nini?" aliuliza Suhaib.

"Sijapanga bado."

Mastura akatoa dagaa wa Nansio aliokuwa amewanunua kwa ajili ya nyumbani, akawachambua vichwa, akamlisha mmoja mmoja. Kokuberwa alipitisha mkono kwenye ndimi za moto, akaweka kiganja shingoni mwa ndege kama anavyofanya kwa mwanafunzi anayesingizia malaria. Alisema homa hana, ni wa baridi, baridi ya maji ya kisima. Kisha wakamalizia chai. Magharibi ilipoingia Suhaib na Mastura walikwenda kuswali, wakamwomba Chenge awaangalizie ndege.

Ndege alibaki. Chenge alimtandikia kitako cha kochi lililoachwa na mteja aliyehamia Geita, na kidogo kidogo alianza kupata nafuu. Kifua kilijaa, kikohozi kikapungua, manyoya mapya yakachipua meupe kwanza kabla hayajashika moto. Umeme ulipokatika, mafundi wote wa safu ile walileta viti vyao karibu, wakashona kwa mwanga wake. Nyuzi zilionekana kama zimechovywa kwenye asali. Watu waliokuja kujaribu makochi walisinzia hapo hapo, na kila aliyesinzia aliota mlima uleule na ziwa lilelile lisilo na ng'ambo, akaamka na pindo la suruali limelowa. Chenge aliwapa kitambaa wajifute, wakaendelea kuchagua rangi.

Getruda, muuza samaki wa Nyegezi, ndiye aliyegundua manufaa yenyewe. Aliwapanga sato wake asubuhi chini ya bawa la ndege, bawa likiwaka, na alipowatoa jioni walikuwa wagumu kama wametoka kwenye friji. Baada ya hapo ndege hakukosa wageni. Soda zilipozwa kwake. Mwenye kichwa kinachogonga aliegemea ubavu wake, kikaacha kugonga. Palikuwa na sponji mpaka darini pale, palikuwa na gundi, vumbi la mbao, nyuzi na vitambaa, na cheche zilidondoka humo mchana kutwa bila kuunguza hata uzi mmoja.

Chenge alimpenda ndege yule. Hakulizungushia maneno. Aliwaambia wenzake kwamba tangu aanze kushona makochi ya watu kukalia, ndicho kitu cha kwanza alichokitengeneza kikamtazama.

Siku moja mwenye kiwanja alikuja. Mafundi walikuwa wamepanga hapo tangu barabara ikiwa ya vumbi, na miaka ya karibuni alikuwa akiwataka waondoke apate kujenga ghorofa la maduka. Wao walikuwa na mkataba, na mkataba ulikuwa bado hai, kwa hiyo kila alipokuja walimsalimia vizuri na kumkumbusha. Safari hii hakushuka kwenye gari. Alishusha kioo, akamtazama ndege kwa muda mrefu. Hakushangaa. Alimtazama kama fundi anavyotazama kipande cha ubao kilichobaki, anapokumbuka mahali kitakapoingia.

Jumamosi iliyofuata jioni, lori lilishusha mabati ya uzio ng'ambo ya barabara, yakapangwa vizuri na kufunikwa turubai. Salehe, mlinzi wa safu, aliambiwa na mwenye kiwanja aende kwao Nansio akasalimie ndugu, na tiketi ya kivuko akakatiwa. Aliaga watu akiwa na furaha. Jumapili asubuhi, Chenge akiwa kanisani, vibanda viliungua.

Alipofika, safu nzima ilikuwa chini. Mabati yalikuwa yamejikunja kama majani ya mgomba, na harufu ya petroli ilikuwa bado imesimama barabarani, haijui pa kwenda. Katikati ya majivu alisimama ndege, mabawa ameyatandaza. Chini ya mabawa yake meza ya kukatia vitambaa ilikuwa nzima, na juu ya meza dadu, chupa ya chai ya Mastura na cherehani yake aliyoiacha hapo jana yake. Meza ilikuwa imelowa umande. Mahali mabawa yalipofika palisalimika, na yalipoishia paliungua. Ndege hakuwa na mabawa ya kutosha safu nzima.

Mastura alikaa chini kwenye majivu na gauni lake la Jumapili la kwendea kwa wakwe. Suhaib alizunguka akiokota vyuma vya randa vilivyopinda, anaviangalia, anavitupa, anaviokota tena. Chenge alilia mbele za watu, bila kujificha. Ndege alipoona analia alikohoa mara moja, kikohozi kidogo, kama anayeomba radhi.

Kamati ya kuchunguza moto ikaundwa. Watu wake walikuja na viatu vya kung'aa, wakapita kwenye majivu, wakamtazama ndege anayewaka, wakaitazama meza ambayo haikuungua, wakaandika. Palikuwa na moto, na palikuwa na ndege wa moto. Meza nzima waliiona ni ushahidi kwamba ndege anawapendelea waliomfuga. Mastura alipowaambia habari za petroli walimjibu kwamba barabara ni ya magari. Suhaib alipowaonyesha mabati yaliyofika kabla ya moto, walisema ni jambo jema mwenye kiwanja kujiandaa mapema.

Masharti yalisomwa hadharani yakaeleweka na kila mtu. Aliyesababisha moto ndiye atakayejenga vibanda upya, na mafundi watarudi mahali pao. Ikiwa aliyesababisha hana uwezo wa kujenga, mkataba umekufa na kiwanja kinarudi kwa mwenyewe. Ndege hawezi kuhojiwa kwa kuwa hasemi. Kwa hiyo yule aliyemleta atafika mbele ya kamati na kurudia maneno yaliyomleta, neno kwa neno kama yalivyotamkwa siku ile, ili kamati ijue ni ndege wa namna gani.

"Joto," alisema Suhaib jioni hiyo, wakiwa wamekaa kwenye mawe nyuma ya majivu. "Sema hana joto, mambo yaishe."

"Wametaka maneno yaleyale," alijibu Kokuberwa. "Joto hakulitaja. Akilitaja leo watasema amelitunga baada ya moto."

Wote wakamgeukia Chenge. Chenge alihisi ulimi wake mdomoni, mzito, kitu cha mtu mwingine alichoazimwa. Safu nzima ya mafundi ilikuwa imening'inia kwenye herufi moja, na alikuwa amepewa yeye aibebe.

Kokuberwa alianza kumfundisha. Jioni baada ya vipindi walikwenda Luchelele, ambako mawe makubwa yameingia ziwani kama ng'ombe wanaokunywa, na ndege akawafuata akiruka chini chini juu ya maji. Moto wake ulikwenda sambamba na kivuli chake cha moto, na maji hayakutoa mvuke. Barabara, alisema Kokuberwa. Balabala, alisema Chenge. Tarumbeta. Talumbeta. Suhaib alimshauri aige pikipiki inayowashwa asubuhi. Mastura alimpa karanga aishikilie kwa ncha ya ulimi, akaila. Korongo waliosimama kwenye mawe waliwasikiliza na vichwa vyao vya upara.

"Shuleni walinichapa mpaka wakachoka," Chenge alisema. "Kama fimbo haikuiweka hiyo helufi humu ndani, nyinyi mtaiweka na kalanga?"

Alikuwa amekata tamaa. Alikaa kwenye jiwe, akamvuta ndege, akamkumbatia shingoni jinsi mtu anavyomkumbatia mbuzi wa nyumbani, uso wake ukiwa ndani kabisa ya moto. Baridi ilimwingia puani, ikashuka kooni, ikakamata taya. Meno yakaanza kugongana. Na ulimi nao, kwa kutetemeka tu, ukagonga ufizi wa juu ukaachia, ukagonga ukaachia.

"Harrri," alisema Chenge.

Kokuberwa alisimama. Alimwambia arudie.

"Hari. Hana hari. Barabara. Karatasi. Harusi. Mwalimu, nasema harusi!"

Mastura alipiga kigelegele, sauti ikaenda mpaka kwa wavuvi waliokuwa wakitengeneza taa zao. Walirudi Buhongwa kwa miguu, Chenge akisoma kwa sauti kila bango lenye herufi ile, la rangi, la matairi, la saruji, na ndege akiwamulikia njia. Chenge hakuwa amefurahi namna ile tangu alipopewa mkasi wake wa kwanza. Aliamini watarudi mahali pao.

Siku ya kamati ukumbi ulijaa. Ndege alisimamishwa karibu na meza kuu ili aonekane vizuri, na haikuchukua muda mwenyekiti akafunga vifungo vya koti lake. Mjumbe mmoja aliomba madirisha yafungwe. Mwingine alivuta kitambaa cha meza akajifunika magoti. Wakati wa mapumziko mwenyekiti aliuliza kama soda zake zimepoa, akaambiwa bado, akaziweka mwenyewe chini ya bawa la ndege. Alipozitoa chupa zilikuwa zinatoa jasho. Alikunywa, akajifuta mdomo, akaendelea na shauri la vibanda vilivyounguzwa na ndege.

Chenge aliitwa. Alisimama pembeni ya ndege, akaweka mkono begani pake, baridi ikapanda mpaka kwenye taya.

"Shikamoo mheshimiwa mwenyekiti."

"Marahaba, fundi. Wewe kwenu wapi?"

"Magu, mheshimiwa."

"Karibu. Tuambie maneno uliyosema siku ile, kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza."

Mastura alikuwa ameshika mkono wa kaka yake. Chenge aliliweka neno kwenye ncha ya ulimi kwa uangalifu, kama anayeweka msumari mdogo kwenye kitambaa cha bei.

"Nilisema: juu ya mwamba anatua ndege wa moto. Lakini ndege huyu hana hari."

Lilitoka safi. Mtu wa mlango wa nyuma alilisikia. Kokuberwa alifumba macho kwa furaha.

Mwenyekiti alitabasamu. Lilikuwa tabasamu jema, halikuwa na dharau ndani yake.

"Hana hali, unamaanisha."

"Hapana, mheshimiwa. Hari. Ha-ri."

"Nimekuelewa, fundi, wala usione haya. Ndugu zetu Wasukuma herufi hiyo huwa inawatesa," mwenyekiti aliwaambia wajumbe, "wakiikwepa huku, wanaiangukia kule. Msimcheke." Hakuna aliyekuwa anacheka. "Andika: hana hali."

Kokuberwa alisimama. Alisema yeye ni mwalimu wa Kiswahili, amesikia kwa masikio yake, fundi amesema hari.

"Mwalimu, huyu si rafiki yako?"

"Ni rafiki yangu."

"Basi ni vizuri kumsaidia rafiki. Kaa."

"Joto!" alisema Chenge. "Nilikusudia joto, mheshimiwa. Ndege hana joto. Mguseni! Mmekaa mnatetemeka hapo!"

"Hatukuuliza ulichokusudia," alisema mwenyekiti, akipuliza viganja vyake. "Tumeuliza ulichosema, na umejibu vizuri."

Taarifa ilisomwa alasiri hiyohiyo. Vibanda viliunguzwa na ndege wa moto. Ndege huyo, kwa ushahidi wa aliyemleta, hana hali, na kwa hiyo hana uwezo wa kujenga chochote. Mkataba umekufa. Kamati iliwapa pole mafundi na kuwashukuru kwa utulivu wao. Karatasi ilipowekwa muhuri, ndege alikohoa. Kilikuwa kile kikohozi cha zamani. Mpaka wanafika mlangoni jicho lake moja lilikuwa limeanza kutoka machozi.

Mabati yalivuka barabara. Uzio ulisimama, na juu ya geti pakabandikwa bango lenye maneno ambayo watu walizoea kuyaona kwenye mageti ya matajiri, ila neno moja lilibadilishwa: TAHADHARI, NDEGE MKALI. Ghorofa lilianza kupanda. Salehe alirudi kutoka Nansio na dagaa wa zawadi, akapewa kazi ya kulinda geti. Aliwakwepa macho kwa wiki kadhaa, kisha akazoea, nao wakamzoea.

Meza ilihamia uani kwa Mastura. Chenge sasa anashona makochi nyumbani kwa watu, na mfuko wake wa vifaa begani, na Jumamosi wanacheza kama kawaida. Ndege hulala chini ya meza, juu ya kitako kilekile cha Geita, na wao huweka miguu yao karibu naye siku za joto. Amekonda. Hawezi tena kugandisha hata sato wawili wa Getruda. Wamemjaribu kwa dagaa, kwa furu, kwa mchuzi wa kichwa cha sangara. Kokuberwa huangalia kiganja alichotoka kumgusia, kimebaki na manyoya yaliyopukutika, akakificha. Kitu kimoja tu kimebadilika mezani. Ile herufi haikuondoka. Ilihamia kinywani mwa Chenge kama mpangaji, na watoto na vyombo vyake, ikatanda kila chumba, na sasa yeye anakula chakura, anafungua mrango, na zimwi likimshinda mtu anamwambia apumzike, arare.

Jumamosi moja, wakingoja chai ichemke, mama yake alipiga simu kutoka Magu. Chenge alisogea pembeni ya ua.

"Mwangaruka, mayu," alimsalimia mama yake kwa Kisukuma.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mayu. Chenge."

Mama aliisogeza simu karibu zaidi na sikio. Nyuma yake alisikika jogoo, na mtu akimwaga mpunga kwenye turubai.

"Umekuwaje mdomo?" aliuliza. "Umeng'olewa jino?"

"Hapana, mayu. Mzima."

"Haya. Na pale penu mmelejeshewa?"

"Hapana."

Mama aliguna. Hakuwa mtu wa kurudia swali linaloumiza. "Na yule ndege wako? Bado anakohoa?"

Chenge alimtazama ndege chini ya meza. Mwanga wake ulikuwa umefifia kiasi kwamba karanga zilionekana kijivu, na Mastura alikuwa amepiga magoti akimfuta jicho kwa pindo la kanga. Alitaka kumwambia mama yake ukweli kama ulivyo, kwamba ndege hana hali. Lakini ulimi ulikwenda kule ulikofundishwa.

"Hana hari, mayu," alisema.

Lilitoka safi, zuri kuliko siku ya kamati. Mama yake, ambaye maisha yake yote hari na hali vimekuwa neno moja, alisikia kile walichosikia watu wote.

"Pole yake," alisema. "Mpe uji wa moto."